Chekechea Mbili, Benchi Moja

Benchi letu la kahawa liko kati ya duka la kinyozi na kibanda cha fundi saa, na hapo ndipo mambo ya mji huu huamuliwa kabla wenyewe hawajaulizwa. Asubuhi ile zamu ilikuwa ya Fundi Saa. Mjukuu wake amefikia umri wa chekechea, mama mtoto yuko kazini, na uandikishaji unafungwa siku hiyo hiyo. Chekechea za serikali ziko mbili: ya sokoni na ya zahanati. Babu wa watu hakulala.

Fundi Saa: Nisaidieni jamani. Nikimharibia mtoto mwanzo, mwanangu hatanielewa.

Kinyozi: Ya sokoni. Wanaimba mpaka wembe unanicheza mkononi.

Profesa, tunayemwita hivyo kwa kuwa hajawahi kukubali kushindwa, alitikisa kichwa.

Profesa: Ya zahanati. Ukipita nje, kimya. Hiyo ni akili inafanya kazi.

Kinyozi: Huo ni usingizi. Wanalazwa tangu asubuhi.

Profesa: Wanalazwa kwa mpango. Ubongo hukua mtoto akilala. Hujaona watoto wa zahanati walivyo na vichwa vikubwa?

Kinyozi: Vichwa nanyoa mimi. Vikubwa ni vya sokoni.

Mimi: Tena mwalimu wa zahanati anatembea haraka mno. Mwalimu hodari hana haraka.

Nilisema tu nisipitwe, lakini wote waliguna kama wamesikia la maana. Fundi Saa kahawa ilikuwa imempoa mkononi, na mimi nikaanza kumwonea huruma.

Akaja mama mmoja, kamshika mtoto mkono.

Mama: Shikamooni wazee.

Wote: Marahaba.

Mama: Sisi wageni hapa. Chekechea ya zahanati, mlango wa kuingilia uko upande gani?

Kinyozi akamtazama Profesa. Profesa akatazama kikombe.

Kinyozi: Si wanao wote wamesoma pale?

Profesa: Mama yao ndiye aliyekuwa anawapeleka.

Fundi Saa: Na mlango wa ya sokoni je, Kinyozi?

Kinyozi akasema yeye huwasikia tu wakiimba. Fundi Saa akaweka kikombe chini, akafunga kibanda chake.

Fundi Saa: Ningoje kidogo mama, nikamchukue mjukuu wangu. Tutautafuta wote. Tukitoka huko, twende na sokoni.

Profesa: Fundi, niangalizie kama kweli wanalala.

Fundi Saa: Twende ukaangalie mwenyewe.

Profesa akaomba aongezewe kahawa.