Jiwe la Njia Panda

Ndugu zangu mliokusanyika katika mkutano huu wa kijiji, nimeombwa nieleze jinsi nilivyovunjika moyo na jinsi nilivyoinuka. Nitasema kweli, ingawa kweli yenyewe bado inaniuma.

Nililelewa na bibi yangu hapa Masukulu. Mwanawe wa mwisho, baba yangu mdogo, alichukuliwa jeshini enzi za Mwingereza, akafia Burma. Habari zililetwa na mwenzake aliyerudi. Bibi alizisikia, lakini tangu hapo hakuruhusu mlango wa nyumba utiwe komeo, hata majira ya ukungu na baridi kali. "Akija akakuta pamefungwa, atamgongea nani?" alikuwa akisema.

Nilipohitimu chuo cha ualimu nilirudi na azimio: wana wa kijiji hiki waliofia vitani wapate jiwe lenye majina yao, na bibi alione kabla hajafa. Jambo dogo, sivyo? Ndugu zangu, nawaambia, hata mimi nilidhani ni dogo.

Mimi na vijana tulibeba mawe kutoka mtoni hadi njia panda. Asubuhi moja tukakuta hayapo. Yamekwenda kwenye msingi wa ghala la kijiji. Nikamwendea kiongozi wetu wa wakati ule.

"Mwalimu," akaniambia, "hao walimfia Mfalme wa Waingereza. Sisi hapa tunajenga Ujamaa."

"Walichukuliwa kwa nguvu, Ndugu."

"Basi kamdai Mfalme akupe mawe!"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Naona hata leo mnacheka. Chekeni, siku ile mimi sikuweza.

Tukabeba mengine. Hapo Wakristo wenzangu wakataka msalaba juu ya jiwe. Fundi cherehani wetu, Mwislamu ambaye kaka yake naye hakurudi, akauliza kwa upole, "Na kaka yangu mtamlaza chini ya msalaba, Mwalimu?" Ubishi huo ulikula msimu mzima wa mvua. Mwishowe tukasimamisha jiwe lenye majina matupu.

Siku ya kulizindua nilikuwa na hotuba ndefu mfukoni. Akina mama waliofiwa walipita na ndizi kichwani, wakaniamkia kwa adabu, wakaenda zao sokoni. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyetoa chozi. Nilirudi nyumbani nikisema maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema juu ya watu wake, nikaanza kufunga sanduku nihamie kwingine.

Bibi alikuwa akimenya ndizi.

"Mwanangu, pale barabarani umemzika nani?"

"Ile ni kumbukumbu, Bibi, si kaburi."

"Sasa tulie nini? Mtu huzikwa nyumbani kwake, kando ya migomba yake, na watu humlilia hapo. Wewe umetuletea jiwe kabla ya msiba."

Nilikua katika desturi hiyo, ndugu zangu, nikairuka kwa haraka zangu. Nilifungua sanduku.

Tukaanza upya, nyumba kwa nyumba. Katika kila ua tulichimba kaburi dogo lisilo na mtu, tukalifukia, na watu wakakaa matanga kama ilivyopasa tangu zamani. Kwa fundi ilisomwa dua. Kwetu tuliimba nyimbo za kanisani. Kisha kila nyumba ikachota udongo wa kaburi lake kwenye jani la mgomba, ikaupeleka chini ya lile jiwe. Siku hiyo njia panda haikupitika kwa vilio. Kiongozi yule alikuja, akasimama nyuma. Mawe yetu ya kwanza yamo chini ya ghala hadi leo, na neno la pole sijalisikia. Uchungu huo ninao, sitawadanganya.

Nawashukuru akina mama, vijana wa mawe, na fundi aliyetusubiri tulipostahili kuachwa. Somo langu ni hili: tunaojenga nchi mpya tusiwahimize watu kusahau wafu ambao hawajapata kuwalilia.

Jioni ya siku ile Bibi aliketi jikoni, macho yamevimba. "Ndaga, mwanangu," akanishukuru kwa lugha yetu. "Sasa funga mlango. Baridi inaingia."

Komeo lilikuwa limeshika kutu. Nililigonga kwa jiwe mpaka likaingia.