Dkt. Rasebotsa na Gari Lake la Letlhakeng

Tarehe 30 Juni, Dkt. Oteng Rasebotsa anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha jiolojia na maji ya ardhini katika chuo chetu. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo ameongoza shahada ya uzamili ya watu walio kazini: wachimbaji wa visima, maofisa wa maji wa wilaya, wanajiolojia wa migodini, watu wanaosoma huku bosi anapiga simu na mtoto ana homa nyumbani.

Wengi mnamjua kwa kofia yake iliyochoka na kwa lile gari. Hadi leo walinzi wa lango wanamtania, wakimwita bwana kwa lugha yetu, "Rra, limepona?" Naye hujibu, "Bado liko kwenye dawa." Nitarudi kwenye gari hilo.

Kozi ilipoanza, kamati ilipanga masomo Jumamosi asubuhi. Siku ya kwanza walifika wanafunzi wawili tu, Mzambia na Mzimbabwe. Wengine wote walikuwa makaburini. Nani katika nchi hii hana wa kumzika Jumamosi asubuhi? Mwalimu mwenyewe alifika amechelewa, viatu vina udongo, kwa kuwa alikuwa akimzika jirani. Wiki iliyofuata akahamishia masomo mchana. Wanafunzi wakawa wanakuja moja kwa moja kutoka msibani, wanawake na shali mabegani, wanaume na makoti, wamebeba nyama ya kupondwa kwenye vibakuli. "Kuleni kwanza," aliwaambia. "Huu mwamba umesubiri tangu kabla ya mijusi. Utasubiri mmalize sahani."

Porini aliwatafunisha tope lililotoka kisimani ili wajue ni udongo wa aina gani. "Meno yanakwaruza, Mma?" alimuuliza mwanamke mmoja. "Basi huo si mfinyanzi. Tema, andika." Meneja mmoja wa mgodi alikataa, akasema yeye ana shahada mbili. "Basi tafuna mara mbili," akajibiwa.

Mma Gaone Moswela, anayepokea kiti chake mwezi Julai, alikuwa mwanafunzi wake. Wakati huo alifanya kazi ofisi ya maji ya wilaya, na mkuu wake alimruhusu mara moja tu kutumia kisima kimoja nje ya Letlhakeng kwa ajili ya tasnifu. Jaribio la pampu halina huruma. Pampu huvuta maji siku tatu bila kuzimwa, na lazima mtu awepo kupima jinsi maji yanavyoshuka. Ukiacha, umepoteza yote. Usajili wa Gaone chuoni ulikuwa unaisha mwezi ule ule.

Pampu ilikodiwa ije Jumatatu. Ikaja Alhamisi. Na Jumamosi hiyo, kule Serowe, alikuwa anazikwa mjomba wake aliyemlea. Kwetu mpwa haendi kwenye msiba wa mjomba kama mgeni; ana kazi zake pale, na jeneza lilikuwa linaingia nyumbani Ijumaa alasiri. Ijumaa alfajiri Gaone akainama kuizima pampu.

"Ukigusa hiyo swichi tutakosana," Rasebotsa akamwambia. "Nenda ukamzike mjomba wako."

"Na wewe, Rra? Si una kikao chako Gaborone leo?"

"Kimeahirishwa. Nenda, binti, unanizibia mwanga."

Gaone akaenda. Alimzika mjomba wake, akamaliza tasnifu, na ndani yake ameandika wazi ni nani aliyepima siku zile. Asilolijua ni hili: kikao hakikuahirishwa. Kilikuwa usaili wa Rasebotsa wa uprofesa. Kamati ilimsubiri asubuhi nzima, kisha ikaletewa habari kutoka kwake kwamba gari lake limekufa huko Letlhakeng. Wakacheka. Wakasema mtu anayeshindwa kufika Gaborone kwa barabara ya lami atafikaje kwenye uprofesa. Hakuitwa tena.

Mimi nilikuwa mkuu wa idara. Jumamosi, baada ya mazishi niliyokuwa nayo, niliendesha hadi kule na kamba ya kumvuta. Nilikuta gari linaunguruma vizuri kabisa, linachaji taa zake, na mwenyewe amekaa juu ya kreti, macho mekundu, anashusha kipimo kisimani huku akiwatukana ng'ombe waliokuja kukanyaga bomba la maji.

"Rudi na kamba yako, Mothibi," akaniambia. "Na ufunge mdomo. Huyu mtoto akijua, atalibeba jambo hili maisha yake yote."

Nimeufunga miaka kumi na tano. Sasa madaktari hawaniahidi Krismasi, na sitaki kuzikwa na ukweli ambao ni mali ya mtu mwingine.

Rasebotsa aliporudi chuoni aliweka kanuni ambayo kila kundi linaifuata bila kuuliza ilikotoka: hakuna pampu inayowashwa kabla ya kumtaja "mtu wa msiba", mwanafunzi mwenzako atakayekaa kisimani ukiitwa nyumbani. Kabla ya hapo tulikuwa tunapoteza nusu ya darasa njiani. Tangu hapo hakuna aliyelazimika kuchagua kati ya kisima na kaburi.

Mma Gaone, sasa umejua. Usimwombe radhi, atakasirika. Hukumnyima kitu; alichagua mwenyewe, na nilimwona siku ile: alikuwa amechoka, lakini hakuwa na majuto. Wewe ilinde kanuni yake tu.

Rra Rasebotsa, umenikasirikia, najua. Nikasirikie polepole, una muda kuliko mimi. Idara, wanafunzi wako wa zamani na vijiji vinavyokunywa kutoka visima vyao tunakushukuru. Nenda kwa ng'ombe wako ukapumzike, mvua ikukute huko mapema, na miaka iliyobaki iwe myepesi kwako.

Na ninyi walinzi wa lango: gari hilo litakapotoka Ijumaa, msimuulize kama limepona. Halikuwahi kuugua. Fungueni lango lote, mpige saluti.