Maisha ya Mhandisi Awino Joab, na Kazi Iliyoandikwa Jina la Mtu Mwingine

Wachungaji, waombolezaji, majirani wa Tononoka, na nyinyi waashi wa Kuze mliofunga kazi asubuhi ya leo mkaja kumsindikiza, familia inawashukuru kwa kufika, na inaomba mtusikilize kwa subira, kwa sababu marehemu alikuwa mtu wa kutaja mambo kwa tarehe na kwa majina, nasi hatukuona vyema kumsimulia kwa namna nyingine.

Marehemu Awino alizaliwa Jumatano, tarehe 11 Juni 1986, hapa hapa kisiwani Mombasa, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Joab, fundi wa winchi bandarini, na Mama Awiti, ambaye kwa miaka mingi alishona sare za shule sokoni Makupa. Alikulia Tononoka, katika nyumba ya vyumba viwili ambamo baba yake alirudi jioni na mikono ya grisi, akaombwa na binti huyo, kabla hata hajanawa, aeleze ni kitu gani kilichoharibika siku ile na kilitengenezwaje.

Alianza darasa la kwanza Januari 1993, akamaliza la nane mwaka 2000 akiwa wa kwanza katika shule yake, akaingia sekondari mwaka uliofuata, na mwaka 2006 akapata nafasi ya kusomea uhandisi wa ujenzi chuo kikuu Nairobi, akahitimu Desemba 2010. Mama yake alimshonea gauni la siku hiyo, la rangi ya samawati, na picha yake ndiyo mnayoiona juu ya jeneza.

Aliajiriwa Februari 2011 na mkandarasi mmoja wa Makupa, na mwezi Mei 2013 akatumwa Kuze, mtaa wa Mji wa Kale, kukarabati nyumba ambayo plasta yake mpya ya simiti ilikuwa ikibanduka kila baada ya mvua. Hapo ndipo alipokutana na Mzee Athmani, mwashi aliyerithi ufundi wa chokaa kwa baba yake, aliyemtazama akigonga ukuta kwa nyundo ndogo, akamwambia, "Mwanangu, nyumba hizi zapumua. Ukizitia simiti waziziba pumzi, na chumvi haina pa kutokea." Mhandisi mwingine angeitikia kwa heshima akaendelea na kazi yake, lakini Awino alikaa kwenye baraza akamwomba Mzee amweleze tangu mwanzo, na kuanzia siku hiyo hakuacha kwenda Kuze.

Aliolewa Jumamosi, tarehe 6 Desemba 2014, na Morris, fundi wa maabara katika chuo kimoja cha uhandisi, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto wawili, Griffins, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2016, na Becky, aliyezaliwa tarehe 19 Agosti 2018. Ni Morris aliyemhimiza arudi masomoni, akamchukulia fomu mwenyewe, na Septemba 2016, akiwa na mtoto mchanga mgongoni, Awino akaanza shahada ya uzamili katika chuo hicho hicho. Alihitimu Novemba 2018, akatunukiwa tuzo ya mwanafunzi bora wa uzamili katika uhandisi, na Januari 2019 akaanza uzamivu chini ya usimamizi wa Dakta Crispus, mkuu wa idara ambayo Morris aliitumikia maabarani.

Utafiti wake tutaueleza kwa maneno mepesi, kama alivyokuwa akimweleza mama yake. Alitaka kujua ni chokaa ya namna gani, ikichanganywa na unga wa vigae vya udongo vilivyosagwa, na kwa kipimo gani, itashika mawe ya matumbawe yaliyojengea nyumba za kale bila kuyafungia chumvi ndani. Alipima kuta za nyumba kumi na nne za Kuze, kila mwezi, kwa miaka minne, masika na kiangazi, akapeleka maabara sampuli mia moja na kumi na mbili, na kila sampuli iliandikwa katika rejista na mumewe, siku, saa na jina la aliyeileta. Wenye nyumba walimzoea hata wakawa wanamwachia mlango wazi. Kipimo alikipata, na kuta tatu alizozipaka kwa majaribio zingali zimesimama hadi leo bila ufa.

Tarehe 9 Juni 2023 alimkabidhi Dakta Crispus tasnifu nzima, kurasa mia mbili na arobaini, ili aipitie. Alijibiwa asubiri, akasubiri miezi sita. Alipokwenda kuuliza aliambiwa kwamba sura ya nne bado haijakomaa, naye akarudi nyumbani akaiandika upya, kwa kuwa alimwamini mwalimu wake, na alikuwa akimtaja katika sala zake.

Tarehe 14 Machi 2024 alihudhuria kongamano la wahandisi hapa mjini, akaketi safu ya tatu, na mzungumzaji aliyeitwa jukwaani alikuwa Dakta Crispus, na kilichoonyeshwa ukutani kilikuwa kipimo kile cha chokaa, kwa tarakimu zile zile, chini ya jina la Dakta peke yake. Katika picha mojawapo ulionekana mkono wa mwanamke umeshika tepu ya kupimia kwenye ukuta wa Kuze, na pete ya ndoa kidoleni, na Awino aliutazama mkono ule kwenye kitambaa cheupe kilichotundikwa ukutani, kisha akautazama wake uliokuwa magotini. Watu walipiga makofi. Alipomfuata Dakta pembeni akamuuliza, alijibiwa kwa upole, "Mwanafunzi hufanya kazi ya msimamizi wake, Awino. Utapata zamu yako."

Aliandika malalamiko tarehe 22 Aprili, na jopo la chuo likaketi Alhamisi, tarehe 13 Juni 2024. Mzee Athmani alikwenda kumtolea ushahidi, akavaa kanzu yake ya Idi, na alipoulizwa kama aliwahi kuisoma tasnifu hiyo alijibu, "Sikuisoma. Lakini miaka minne binti huyu yuaja kwangu, na bwana huyu sijamuona Kuze hata siku moja." Walimshukuru kwa kufika, wakaandika kwamba shahidi huyo hana ujuzi wa taaluma.

Ilibaki rejista ya maabara, na rejista ilisemekana imepotea katika kuhamisha makabati. Ndipo alipoitwa aliyeiandika, yaani Morris, akaulizwa ni nani aliyekuwa akileta sampuli zile. Awino alisogea mbele kwenye kiti, kwa sababu kwake jambo lilikuwa limekwisha, mumewe angesema ukweli. Morris akasema, "Wanafunzi wengi huleta sampuli. Siwezi kumkumbuka kila mmoja."

Malalamiko yalitupiliwa mbali siku hiyo. Walirudi nyumbani pamoja, na Morris akamweleza kwamba alibabaika, kwamba maswali yalimtia hofu, naye Awino, aliyemjua mume wake kuwa mtu mwoga mbele ya wakubwa, alimwamini na akambembeleza. Agosti ile Morris alipandishwa cheo kuwa mkuu wa maabara, na mkewe akampikia pilau.

Jumapili, tarehe 15 Septemba 2024, baada ya ibada, alipokuwa akitafuta cheti cha kuzaliwa cha Becky, aliiona barua ya cheo hicho ndani ya faili la watoto. Ilitiwa saini na Dakta Crispus tarehe 10 Juni. Aliiweka mezani mbele ya Morris, akamwambia, "Hii iliandikwa siku tatu kabla ya jopo."

Morris alikiri.

"Na rejista?"

"Nilimpa Dakta kwa mkono wangu. Niliwafikiria watoto, Mama Griffins."

Awino akamuuliza, "Na mimi ni nani wao?" Maneno hayo ni Morris mwenyewe aliyetusimulia.

Hakuvunja nyumba yake, wala hakumsema mumewe kwa jirani yeyote, lakini kazi yake aliihamishia kwa mama yake, na neno chokaa halikutajwa tena mbele ya Morris. Alijiondoa chuoni, akarudi Kuze, akakarabati nyumba sita pamoja na Mzee Athmani, na kipimo kile akakiandika kwa mkono kwenye karatasi moja, akawa anampa kila mwashi aliyekiomba, akisema kitu kilichokwisha kuibiwa hakina haja ya kufichwa.

Alianza kuumwa na tumbo Januari 2025, na mwezi Machi madaktari wakagundua saratani ya ovari iliyokwisha kusambaa. Alifanyiwa upasuaji tarehe 3 Aprili, akapata nafuu ya wiki chache, kisha akadhoofika. Morris alimwogesha, akamlisha, akalala sakafuni kando ya kitanda chake, na mwezi Julai akamletea barua aliyoiandika kwa chuo, akieleza kila kitu, rejista, cheo, na uongo alioutoa mbele ya jopo. Awino aliisoma yote, akaomba penseli, akarekebisha tarehe mbili zilizokosewa, akamrudishia, akasema, "Usiitume. Ipeleke mwenyewe, uwasomee."

Jumatatu, tarehe 21 Julai, Morris aliipeleka akawasomea, na wiki iliyofuata akasimamishwa kazi. Jibu la chuo kwa barua hiyo familia haijalipata. Awino aliaga dunia Alhamisi, tarehe 4 Septemba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa, mama yake akiwa amemshika mkono. Hakumwambia mumewe kwamba amemsamehe, na Morris, aliyetaka historia hii isomwe bila kufichwa neno, ametuomba tusiseme kwa niaba ya marehemu jambo ambalo mwenyewe hakulisema.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia kwa moyo, majirani wa Tononoka waliotupikia siku zote hizi, kina mama wa kanisa waliokesha nasi, wahandisi wenzake wa Makupa, na watu wa Kuze, ambao bila kuombwa wamechimba na kujengea kaburi lake wao wenyewe, kwa chokaa. Chuo kimeleta salamu za rambirambi zilizotiwa saini na Dakta Crispus. Tumezipokea, na hatutazisoma.

Mhandisi Awino, binti Joab, mama wa Griffins na Becky, umechoka, sasa pumzika. Kazi ile ilikuwa yako.