Mafuta ya Bi Mize Juu ya Maji

Wasikilizaji wapendwa, asalaam alaykum. Leo tunamkumbuka Simai Pandu wa Malindi, hapa mjini Unguja, tuliyemzika juzi kwao Mangapwani. Simai Pandu, mpima mafuta ya mbu.

Wengi mnamkumbuka na beseni lake. Wenzake walimwaga mafuta kwenye madimbwi, viluwiluwi wa mbu wafe. Yeye akija nyuma yao kupima, maana utando ule ni mwembamba, jicho halitoshi. Alitia maji safi kwenye beseni, akanyunyiza poda juu yake. Akachovya kijiti dimbwini, akakigusisha kwenye poda. Poda ikikimbia, mafuta yapo. Duara pana, mafuta mengi. Duara dogo, haba.

Mwaka 1951 alimuoa Bi Mize Shaame, mtu wa Tumbatu. Kila asubuhi Bi Mize akimpaka kichwani mafuta ya nazi yaliyotiwa asumini, kisha akimchana taratibu. Fungate ilipokwisha Simai akarudi kazini, na kila dimbwi alilopima likawa na mafuta tele. Hayakuongezwa mengine, mbu nao wakazidi. Kumbe mafuta yalikuwa ya vidole vyake mwenyewe, kwa kujishikashika nywele. Wenzake walimcheka mpaka jioni.

"Mize, umeyatia mafuta madimbwi yote ya mji."

"Basi mbu watanukia," akajibu Bi Mize.

Tangu hapo akipakwa siku za mapumziko tu. Siku hizo akizingoja kama mtoto anavyongoja Idi.

Mwaka 1954 Bi Mize alifariki kwa homa. Kilibaki kitana chake cha mti. Baada ya arubaini, Simai alichovya jino moja la kitana kwenye beseni. Poda ikakimbia mpaka ukingoni.

"Bado yupo," alimwambia dada yake, Bi Tabia.

Kisha akakifunga kitana kwenye kitambaa. Alijua kila akichovya, mafuta yanapungua. Miaka minne alilala nacho karibu na mto wa kichwa, hamu imemjaa, wala hakukichovya tena.

Wiki iliyopita, hali yake mbaya, aliomba beseni. Bi Tabia anasimulia kuwa Simai aliosha mikono yake kwa jivu, asije akatia mafuta yake mwenyewe. Akachovya. Poda ikatulia kidogo, kisha ikafunguka, duara la upana wa ukucha.

Bi Tabia akanyoosha mkono kuchukua rula ya kupimia duara.

"Wacha, dada," akasema Simai. "Hili usipime."

Tunampa Bi Tabia mkono wa pole, na jamaa wote wa Mangapwani na Tumbatu. Mungu awakutanishe waja wake hawa.

Na wewe unayesikiliza, leo ukipakwa mafuta na mkono wa mtu wako, usiharakishe kunyanyuka.