Kunguni wa Kitabu cha Punda

HILDA: Haloo, nani mwenzangu?

MWAMVUA: Nani mwenzako! Namba yangu umeifuta, Mwalimu? Mama Ikram hapa. Ikram wa darasa la tatu. Fundi cherehani wa Ipagala, nyuma ya mashine ya kusaga.

HILDA: Aah, Mama Ikram! Simu yangu hii ina matatizo tu. Shikamoo.

MWAMVUA: Marahaba. Naitikia kwa kuwa salamu ni ya Mungu, lakini leo nimechafukwa. Na nimejiunga dakika kumi tu, kwa hiyo nisikilize.

HILDA: Nakusikiliza, mama. Ikram mzima?

MWAMVUA: Mzima, anajikuna. Mwalimu, vile vitabu vyenu vipya. Vile vya hadithi, vyenye picha, mlivyotuitia kikao tukapiga makofi.

HILDA: Ndiyo...

MWAMVUA: Vina kunguni. Haloo? Upo?

HILDA: Nipo. Kuna upepo huku. Umesema...

MWAMVUA: Kun-gu-ni! Nikutamkie na silabi, mwalimu wewe? Ikram kaleta kitabu Ijumaa ya wiki iliyopita, kile cha punda aliyekataa kubeba maji. Kwa mapenzi yake akakilaza chini ya mto wiki nzima. Leo asubuhi nakifungua nimsikilize anavyosoma... uwiii!

HILDA: Walikuwa kwenye mgongo wa kitabu? Pale ndani penye gundi?

MWAMVUA: Hapo hapo. Wamejipanga mstari, na mayai yao meupe, kama wamejengewa nyumba na serikali. Umejuaje?

HILDA: Nime... nimehisi tu.

MWAMVUA: Mmoja nimembana na kidole gumba. Akapasuka. Mwalimu, ile harufu! Nimenawa kwa sabuni ya unga, nimenawa kwa ndimu, bado inanifuata. Chai imenishinda. Nikisogeza kikombe mdomoni, kidole kinaninukia kunguni.

HILDA: Pole sana, mama. Pole mno. Kitabu kiko wapi?

MWAMVUA: Nje, juani. Nimekibeba kwa koleo la mkaa, nimekitia kwenye nailoni, nimefunga mafundo mawili. Hilo koleo ninalo mkononi mpaka dakika hii, sitaki kushika kitu na vidole vyangu. Na hujasikia kubwa lenyewe.

HILDA: Kubwa gani tena?

MWAMVUA: Mama Methusela alikuja kujaribisha gauni la harusi ya binti yake. Jeupe. Limekaa kwangu siku tisa nikilihangaikia. Namvalisha binti, mama mtu anamsogelea kumtengeneza kola, nani huyo anatembea pale shingoni? Anatembea taratibu, Mwalimu, hana haraka, kama mzee anayekwenda mnadani!

HILDA: Jamani...

MWAMVUA: Sijawahi kuaibika hivyo tangu nizaliwe Kondoa. Watu wananijua kwa usafi. Kwangu unakula sakafuni! Mama Methusela hakusema neno. Alinitazama tu, kisha akashika pua. Bora angenitukana.

HILDA: Mama Ikram, naomba nilishughulikie mimi. Nitakuja kukichukua...

MWAMVUA: Ngoja! Nimeshalishughulikia. Mimi si mjinga. Nyuma ya kitabu mmebandika kile kikaratasi cha majina ya walioazima. Nimesoma. Majina mawili tu. La pili Ikram. La kwanza, unalijua.

HILDA: ...Lea.

MWAMVUA: Lea Gerson! Huyo huyo jirani yangu wa ukutani, anayeishi na bibi yake kile chumba cha uani.

HILDA: Mama Ikram, taratibu. Huwezi kusema...

MWAMVUA: Nasema nini cha uongo? Na kitabu kakirudisha kimevalishwa karatasi la mfuko wa saruji. Mfuko wa saruji, Mwalimu! Nilipoliona tu nikajua huko kilikotoka. Kichefuchefu kitupu.

HILDA: Alikijalidi. Hakuna aliyemwambia. Alitafuta karatasi mwenyewe ili kisichafuke.

MWAMVUA: Basi kajalidi na kunguni humo humo.

HILDA: (sauti inashuka) Si yeye.

MWAMVUA: Sema kwa nguvu, mtandao wako unakwaruza.

HILDA: Nasema... tusimhukumu mtoto.

MWAMVUA: Simhukumu. Namtoa. Kuanzia Ijumaa ijayo Lea asiazime. Watoto mia wanashika vitabu hivyo hivyo, samaki mmoja akioza wote wameoza. Na nimeshaandika kwenye grupu la wazazi.

HILDA: Umeandika nini?!

MWAMVUA: Usinipigie kelele. Sikutaja jina. Nimeandika, "Mtoto aliyeazima kitabu cha punda kabla ya wangu ametuletea kunguni, bibi yake ajitazame." Basi. Watu wana akili zao.

HILDA: Mama, Lea yuko darasani na watoto wa hao wote! Kila mtu anajua kitabu cha punda ni cha Lea. Alisimama mbele ya shule nzima akakisimulia bila kukitazama.

MWAMVUA: Ndiyo maana wameelewa upesi. Mama Methusela kajibu akaguliwe nguo getini Jumatatu. Mwingine kasema akae dawati la peke yake. Nami nimeunga mkono.

HILDA: Akae peke yake... Mungu wangu. Bibi Cecilia ameuona huo ujumbe?

MWAMVUA: Hana simu ya kuperuzi, lakini kuna waliomsomea. Lisemwalo lipo. Na wewe mbona unamtetea hivyo? Ulitakiwa kuwa upande wangu. Hata kikao cha juzi ulikuwa na mambo yako, jua lote hili la Dodoma umevaa sweta la mikono mirefu, jasho linakutiririka. Tulikuonea huruma, tukasema mwalimu ana homa.

(Mtandao unakwaruza.)

MWAMVUA: Mwalimu? Dakika zangu hizo!

HILDA: Nipo, mama. Kuna kitu inabidi...

MWAMVUA: Subiri. Ikram, nini? Usinivute gauni, naongea na mwalimu wako. Eti? ...Anasema bibi yake Lea anatoa vyombo nje.

HILDA: Anatoa vyombo?

MWAMVUA: Anafua, labda. Afue tu, si aibu kufua. Nachungulia ukutani. Ehe. Katoa magodoro... hapana, godoro ni moja. Kaliburuta mpaka katikati ya ua. Kwani wana godoro moja? Nilikuwa sijui.

HILDA: Mama Ikram, anafanya nini na hilo godoro?

MWAMVUA: Analimwagia kitu. Mafuta ya taa! Unaona sasa? Si nilikwambia? Asiye na hatia hachomi godoro lake, Mwalimu! Amejijua!

HILDA: Mzuie!

MWAMVUA: Nimzuie nini? Mwache achome, kunguni wafe wote.

HILDA: Mzuie, Mama Ikram! Hakuna kunguni mle! Kunguni ni wangu!

MWAMVUA: Rudia.

HILDA: Wametoka kwangu. Chumbani kwangu. Lile paa la stoo ya shule liliezuliwa na upepo, unakumbuka, mwalimu mkuu akaniambia vitabu nivitunze nyumbani hadi litengenezwe. Boksi nimeliweka chini ya kitanda. Mwanzo wa mwezi nilinunua kitanda cha mtumba, na godoro lake. Nilifurahia bei. Kumbe nimenunua kijiji kizima.

MWAMVUA: Chini ya kitanda. Vitabu vya watoto.

HILDA: Sina pengine, mama. Chumba kimoja.

MWAMVUA: Na Lea?

HILDA: Lea alikirudisha mwezi uliopita, kabla sijanunua hicho kitanda. Alikipata kisafi, akakirudisha kisafi. Hajaazima tena, alikuwa na homa. Kikalala kwangu siku nane, ndipo nikampa Ikram wako.

MWAMVUA: Ulijua wakati unampa?

HILDA: ...Nilikung'uta. Nilivianika. Nilidhani wameisha.

MWAMVUA: Ulijua!

HILDA: Nilijua. Lile sweta, nilikuwa nimeumwa mikono yote. Niliogopa, Mama Ikram. Nilisema mkijua vitabu vinalala kwa mwalimu mwenye kunguni, hakuna mzazi atakayeruhusu mtoto wake aazime tena, vitafungiwa, na...

MWAMVUA: Puu! Nakutemea mate mpaka huko ulipo! Umenisikiliza dakika zote hizi namchafua mtoto wa watu, unaniambia "pole mama, pole mama"? Kunguni ananuka, lakini wewe, Hilda...

HILDA: Tukana baadaye! Godoro!

MWAMVUA: Yallah, godoro! Bibi! Bibi Cecilia! Weka chini hicho kiberiti! Bibi weee! ...Hasikii. Ikram, lete ndoo! Ya maji, si tupu! Mwalimu usikate, naruka ukuta.

HILDA: Sikati.

(Vishindo. Pumzi. Kitambaa kinachanika.)

MWAMVUA: Ameshawasha. Lo! Moshi mweusi... kohoo... sponji haisubiri mtu. Mwaga, Ikram! Mwaga! ...Haifai. Limeshakwisha, Mwalimu. Limejikunja lote kama sufuria la uji ulioungua.

HILDA: Lote?

MWAMVUA: Lote. Na anatupia vingine. Sketi. Mto. Bibi, basi! Karatasi... daftari. Lea, mama, mbona unalia hivyo, ni daftari gani?

HILDA: Lina jalada la bluu?

MWAMVUA: La bluu.

HILDA: Ni kitabu cha punda. Amekinakili chote kwa mkono, na picha zake. Wiki ile ile aliyokuwa nacho. Alisema kikirudi shuleni, yeye abaki na chake.

MWAMVUA: Na bibi yake kalitia motoni kwa kuwa nimeandika kitabu cha punda kina... Pisha! Pisheni hapo!

HILDA: Mama Ikram, usiungue!

MWAMVUA: Nina koleo! ...Ai! ...Ninalo. Ninalo. Limeungua pembeni tu. Chukua, Lea. Lipulize. Chukua, mwanangu, halina kitu. Halina mdudu hata mmoja.

(Moto unatatarika.)

HILDA: Haloo?

MWAMVUA: Mwalimu, niko ndani ya ua wa hawa watu. Sijawahi kukanyaga humu miaka mitatu. Pamefagiwa mpaka mchanga una mistari. Masufuria yamepanguswa, yanawaka jua. Mlangoni wameweka kitambaa cha kufutia miguu, na mimi nimepita juu ya kila kitu na ndala zangu.

HILDA: Naandika kwenye grupu sasa hivi. Naandika jina langu, naandika kila kitu, kitanda na boksi. Mwalimu mkuu akinifukuza, anifukuze.

MWAMVUA: Andika. Na kabla ya jina lako andika langu. Mama Ikram ndiye aliyeanza. Nyani haoni kundule, nimekaa nawashikia watu pua, kumbe kunguni wapo kwenye kola ya bibi harusi wangu. Najichukia.

HILDA: Leo watalala wapi?

MWAMVUA: Godoro nitatoa mimi. La Ikram. Zuri, la inchi sita, natupia juu ya ukuta sasa...

HILDA: Mama Ikram.

MWAMVUA: Nini?

HILDA: Kitabu kililala juu ya hilo godoro wiki nzima.

MWAMVUA: Allah.

HILDA: Usiwapelekee.

MWAMVUA: Kwa hiyo lile safi nimelichomesha, na la kuwapa nililonalo ni lile chafu. Hata cha kulipia sina. Nifanye nini, Mwalimu? Niambie wewe uliyesoma.

HILDA: Waombe msamaha kwanza. Mimi nakuja, nina mkeka mpya, haujafunguliwa, ulikuwa juu ya kabati. Tutanunua godoro wote wawili, dukani, jipya.

MWAMVUA: Nisemeje? Simu inapiga kengele, dakika zinaisha hizo.

HILDA: Sema tu, bibi, nimekosa.

MWAMVUA: Anakuja. Mikono yake myeusi kwa moshi. Anaifuta kwenye kanga, anaona haya kunipa mkono mchafu. Mimi, Mwalimu! Anasema... anasema, "Mbukwa, mama. Karibu ukae, samahani kwa moshi." Ananiomba samahani! Kamtuma Lea aniletee kigoda. Mwalimu, ananisalimia kwa Kigogo, anangoja niitikie, na mimi nimeshika koleo hili kama...

HILDA: Itikia, Mama Ikram! Itikia, halafu mwambie! Haloo? Haloo?