Hakuugua kwa Muda Mfupi

Wazazi wetu, shemeji yangu, wanangu, majirani, na ninyi mlioketi viti vya nyuma na vitabu mapajani, naomba masikio yenu. Mimi ni mdogo wake marehemu, ndimi mnayeniita Kelele, kazi yangu ni kuchekesha watu jukwaani, na familia imenikabidhi kusoma historia ya dada kwa sababu nina sauti, si kwa sababu nina adabu.

Dada yetu alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1964, wodi ya wazazi, kitanda cha karibu na mlango, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne wa baba yetu fundi bomba na mama yetu mshonaji, na mama alitusimulia kwamba hakulia alipozaliwa, alimtazama tu kila aliyekuwamo chumbani, mmoja mmoja, mpaka mkunga akaingiwa na hofu. Mimi nilifuata mwaka 1969, nikalia kwa niaba yetu wote wawili, na sijanyamaza hadi leo.

Alianza shule ya msingi Januari 1972, akamaliza mwaka 1978, akaendelea na sekondari ya bweni kuanzia 1979 hadi 1982, ambako alirudishwa nyumbani wiki mbili kwa kosa la kuwasimulia wenzake hadithi ya bafu la mwisho kushoto, hadithi iliyowafanya wasichana sitini wakatae kuoga siku nne mfululizo, na barua ya mwalimu mkuu kwa baba ilisema binti yako ana kipaji, tafadhali mzuie.

Baada ya kusomea upigaji chapa aliajiriwa tarehe 2 Mei 1985 katika ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, chumba namba tisa, meza inayotazamana na dirisha la wateja, akakaa hapo miaka thelathini na minne hadi alipostaafu mwaka 2019. Wasomaji walipomuuliza mambo yake ya kutisha anayatoa wapi, aliwajibu kwamba anayatoa dirishani, kwamba siku moja bwana mmoja alikuja kuomba cheti cha kifo cha mkewe, na mke mwenyewe alikuwa kwenye benchi nyuma yake, kapakata mkoba, anasubiri zamu iishe waende nyumbani.

Tarehe 9 Desemba 1989 alifunga ndoa na shemeji yangu, fundi saa, mtu mpole asiyepandisha sauti hata akijigonga kidole, wakajaliwa watoto wawili, binti mwaka 1991, ambaye ni fundi umeme, na kijana mwaka 1995, ambaye ni dereva wa lori, na wote wawili mnawaona hapa mbele, macho yamewavimba.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1998, na hadi anatutoka ameacha vitabu kumi na kimoja, wasomaji wakampa jina la Bi Kivuli, na mwisho wa kila kitabu aliweka kurasa alizoziita Mliyoniuliza, ambamo alichapisha maswali aliyoandikiwa na majibu yake, kwa sharti moja alilojiwekea, kwamba msomaji akiuliza hadanganywi. Sisi wa nyumbani hatukuwahi kuzifikia kurasa hizo. Kila kitabu kilipotoka alituletea nakala, kila mmoja na yake, jina limeandikwa kwa wino, tukampigia makofi, tukapiga picha, tukavipanga kabatini vikapendeza, shemeji aliishia ukurasa wa tisa wa kitabu cha kwanza akasema moyo wake si wa kazi hiyo, na mimi sikufungua hata kimoja, nilizoea kumwambia kwamba nikitaka kutishwa nitapanda jukwaani mbele ya watu wasiocheka.

Wiki hii nimevisoma vyote. Nimegundua kwamba katika kila kitabu mtu wa kwanza kufa ni mchekeshaji mwenye mdomo mpana, nimetumbukia kisimani, nimemezwa na kabati la nguo, nimekufa mara kumi na moja na hakuna aliyeniletea hata pole, na kuna mwanafunzi aliyemwuliza kwa nini anawaonea wachekeshaji, naye akajibu kwamba anaye mmoja nyumbani, anampenda sana, na hana wasiwasi, maana hasomi.

Sasa nimefika kwenye ugonjwa. Baba mdogo, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, amenipa karatasi iliyoandikwa kwamba marehemu alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, akanisihi nisome hivyo hivyo ili tusijianike, na najua nikifika hapa atakohoa. Nisamehe, baba mdogo. Wale walioketi nyuma wanajua, na sitaki kuwa mtu pekee humu ndani anayesoma uongo mbele ya watu wenye ukweli mapajani.

Tarehe 3 Oktoba mwaka huu dada alianguka jikoni kwake, tukamkimbiza hospitali, tukajipanga kwenye korido ya wodi namba nne tukiambizana ni vile vidonda vyake vya tumbo, mara akaja mama mmoja ambaye hakuna aliyemjua, mwalimu wa chekechea, kabeba sweta na chupa ya uji, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, imeshafika kwenye ini?" nami nikamjibu, "Mama, umekosea wodi," na yeye akanitazama kwa huruma ambayo sitaisahau, akafungua mkoba, akatoa kitabu cha kumi na moja, kilichotoka Februari 2023, akanifungulia ukurasa wa 212.

Mwalimu huyo ndiye aliyekuwa ameuliza mbona kitabu cha safari hii kinachelewa kutoka, na dada amemjibu hapo, kwa herufi za kiwandani, kwamba tarehe 7 Juni 2022 aligundulika ana saratani ya utumbo, na mkono unachoka. Mwalimu akaandika tena kumwuliza, na swali hilo nalo limo ukurasa huohuo, je, nyumbani wanajua? Jibu lake, ndugu waombolezaji, ni neno moja.

Hawajauliza.

Kwa hiyo aliugua miaka miwili, miezi minne na siku kumi na mbili, na kila Jumanne ya tatu ya mwezi alipotuaga kwamba anakwenda kwenye kikao cha waandishi, alikuwa anakwenda kliniki, akipelekwa na msomaji mmoja mstaafu kwa gari lake, akishikwa mkono na wageni, wageni wanaojua jina la dawa yake, halafu anarudi nyumbani anatupikia, na sisi tunamwuliza kikao kilikuwaje. Nakala yenye jibu hilo ilikuwa kabatini kwangu, ina jina langu.

Na jibu lenyewe si kweli, nalisema mbele yake, kwa sababu mimi niliuliza. Jumapili ya tarehe 18 Septemba 2022, mezani kwake, alijipakulia vijiko viwili tu, nikamwambia, "Dada, mbona umekonda, au mizimu yako imeanza kukula wewe mwenyewe?" tukacheka wote, yeye akacheka kuliko sote, akasema, "Vidonda vya tumbo tu, Kelele, nipitishie chumvi," nami nikapitisha chumvi. Nina mashahidi, wamekaa hapa mbele. Wiki nzima nimekuwa nikigombana naye juu ya jambo hili, namwambia uliwapa watu baki ukweli na sisi ukatupa kikao cha waandishi, na kila nikimaliza kugombana nasikia kile kicheko changu mezani.

Aliaga dunia Jumamosi, tarehe 19 Oktoba 2024, saa kumi na dakika kumi alasiri, mumewe akiwa amemshika mkono wa kulia, na wa kushoto ukiwa kwa mwalimu wa chekechea, kwa kuwa sikuwa na haki ya kumwambia apishe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, inawashukuru waliofanya naye kazi chumba namba tisa, ambao jana walikiandika cheti chake kwa mkono badala ya mashine, inawashukuru majirani kwa maji, viti na subira, na inawashukuru ninyi wasomaji kwa kumhudumia dada yetu na kutunza siri yake vizuri kuliko ninavyoweza kuwasamehe leo, labda siku nyingine.

Kabla hatujambeba, nami ni msomaji sasa, nina swali, na nimelikagua kwanza kuhakikisha halina kichekesho ndani. Dada, zile Jumanne, ukitoka kliniki, ukivua viatu mlangoni na kutusikia tunapiga soga sebuleni, uliogopa?

Pumzika kwa amani, dada yetu, na usiharakishe kujibu.