Fanksheni Iliyofuta Mababu

Kwenye Noah ya abiria ya kutoka Mwika, kijana aliyekaa mbele yangu alifungua kompyuta yake akamwonyesha mama aliyekaa kando yake tovuti ya orodha ya wanachama aliyoutengenezea ushirika wa kahawa. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. "Kumbe ni wewe uliyemfuta mume wangu!" mama akafoka. "Ameenda kuchukua miche, anaambiwa si mwanachama!"

"Ni fanksheni ndogo tu, mama, kipande cha programu cha kusafisha orodha. Jina likijirudia, linabaki moja."

"Limejirudia kwa sababu mjukuu wetu, naye mwanachama, alipewa jina la babu yake, na ukoo ni uleule! Si ndivyo tunavyoita watoto huku? Umefagia mababu wa kijiji kizima!"

"Kompyuta haijui babu, mama."

"Sikuiuliza kompyuta. Wewe unaitwa nani?"

"Efraimu."

"Jina la nani?"

Kijana akaifunga kompyuta yake polepole, kana kwamba kuna mtu amelala ndani. "La babu."

Noah ikasimama stendi ya Moshi. "Msalimie," mama akasema akishuka, "kama hujamfuta."